Uzi: Uga wa umeme na uga wa sumaku, kwa anayeanza na kwa aliyekariri

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Wanafunzi wengi wa sekondari wakifika kwenye mada ya umeme na sumaku hupewa kanuni isemayo kwamba uga wa umeme ni kani ikigawanywa kwa chaji, wakaikariri, wakajaza namba, wakapata alama zao, na wengi wakamaliza shule bila kupata nafasi ya kuuliza uga wenyewe ni kitu gani, uko wapi na unafanya kazi gani. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili yao, na kwa ajili ya mtu mzima yeyote anayetaka kuirudia mada hii kwa utulivu, kwa sababu naamini kwamba anayelikwepa swali hilo atabaki akihesabu kitu asichokijua.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kushika. Uga si mbinu ya kurahisisha hesabu. Ni kitu kilichopo, chenye nishati yake, kinachotumia muda kutoka hapa kwenda pale, na ambacho huendelea na safari hata baada ya kilichokizaa kutoweka. Sitegemei mtu akubali kwa sababu nimesema. Nitaleta hoja moja baada ya nyingine, na maswali yaje wakati wowote.

Mleta mada:

Tuanze Ufaransa mwaka 1785. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi, alining'iniza fimbo nyepesi kwa waya mwembamba sana, kwenye ncha ya fimbo akaweka tufe dogo lenye chaji, akalisogezea tufe jingine lenye chaji, kisha akapima waya umejisokota kwa kiasi gani. Alichokuta ni kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, kani hubaki robo. Ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Chaji za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana.

Ukubwa wa kani hiyo unastahili kutazamwa kidogo. Chaji mbili za kulombi moja kila moja (kulombi ni kipimo cha chaji), zikiwekwa mita moja mbalimbali, zingesukumana kwa kani ya takriban nyutoni bilioni 9, ambayo ni sawa na uzito wa tani 900,000 hivi. Kwa hiyo vitu tunavyovisugua mezani havifikii kamwe kulombi nzima. Vinabeba sehemu moja ya milioni ya kulombi au pungufu ya hapo, na hata kiasi hicho kinatosha kusimamisha nywele.

Sheria ya Coulomb inatuambia kani ni kubwa kiasi gani, lakini inanyamaza kuhusu jambo moja: chaji iliyoko huku inajuaje kwamba kuna chaji nyingine kule, ilhali katikati hakuna kamba, fimbo wala kitu kingine cha kushikana? Newton mwenyewe, aliyetoa sheria ya namna hiyo kuhusu uvutano, hakuridhika na wazo la kani kuruka umbali mtupu. Jibu lililokuja baadaye lilibadilisha swali. Badala ya kuuliza chaji ya kwanza inaifanya nini chaji ya pili, tuulize: chaji ya kwanza imepafanya nini mahali penyewe?

Chukueni ramani ya upepo inayoonyeshwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Kila sehemu ya ramani ina mshale wake: upepo hapa unavuma kuelekea upande huu, kwa kasi hii. Mshale upo hata kama mahali hapo hapana mti wa kutikiswa wala tanga la kujazwa. Uga wa umeme nao ni hivyo. Kila nukta katika nafasi inayoizunguka chaji ina mshale wenye ukubwa na mwelekeo, na mshale huo unasema: ukileta hapa chaji chanya ya kulombi moja, itasukumwa kwa nyutoni kadhaa kuelekea upande ule. Kugawanya kani kwa chaji ni namna ya kuupima mshale tu. Mshale ulikuwapo kabla hujaleta kipimo.

Kwa mfano, tufe lenye chaji ya sehemu moja ya milioni ya kulombi, ukiwa sentimita 30 kutoka katikati yake, hujenga uga wa nyutoni 100,000 kwa kulombi. Tunaweza pia kusema volti 100,000 kwa mita, kwa kuwa vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja. Yakiwapo matufe mawili, chora mshale wa kila moja katika nukta unayoitaka, kisha ijumlishe mishale hiyo kwa kuzingatia mwelekeo. Kujumlisha huku ndiko kunakowaangusha wengi kwenye mitihani, kwa sababu wanajumlisha namba na kusahau pande.

Mwanafunzi wa kidato cha tano:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa uzi. Ninaomba kuuliza. Nikisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele inavuta vipande vya karatasi. Lakini karatasi sijaisugua, haina chaji. Kama uga unasukuma chaji tu, karatasi inavutwaje?

Mleta mada:

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko maswali mengi ya vitabuni. Karatasi haina chaji ya ziada, lakini imejaa chaji: ina chanya na hasi kwa kiasi kilichotoshana. Uga wa kalamu ukipita ndani yake, chaji hizo hujisogeza kidogo mno. Kalamu ikiwa hasi, upande wa karatasi unaoitazama unakuwa chanya kidogo, na upande wa nyuma unakuwa hasi kidogo. Upande wa mbele unavutwa, wa nyuma unasukumwa. Kama uga ungekuwa sawa kila mahali, kani hizo mbili zingetoshana na karatasi isingetikisika. Lakini uga wa kalamu unadhoofika haraka kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo upande wa mbele unavutwa kwa nguvu zaidi kuliko wa nyuma unavyosukumwa, na karatasi inaruka.

Tazama kwa makini utakapolirudia jaribio. Kata vipande vidogo kama punje ya mchele, visiwe vikubwa zaidi. Utaona vingine vinasimama wima kwanza juu ya meza, ncha ikiielekea kalamu, ndipo vinaruka. Kule kusimama ni uga unaojionyesha: kipande kimejipanga sambamba na mshale wa mahali pale. Vingine vikishanata kwa muda hurushwa mbali ghafla, kwa sababu vimechukua chaji kutoka kwenye kalamu na sasa vinasukumwa nayo. Kwa walioko pwani, Tanga, Zanzibar au Mombasa, jaribio hili hugoma siku zenye unyevu mwingi, kwa kuwa utando mwembamba wa maji juu ya plastiki huipitisha chaji ikaondoka. Lifanyeni siku kavu, au kaushieni vifaa juani kwanza.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Mkuu, unazungumzia kalamu na karatasi, lakini sisi huku ziwani radi zinaua wavuvi. Hilo nalo ni uga?

Mleta mada:

Ni uga huohuo, ndugu yangu, na pole kwa yanayowapata. Siku ya anga tulivu, hewa iliyo juu kidogo ya ardhi ina uga wa takriban volti 100 kwa mita. Hatuuhisi kwa sababu mwili ni kipitishi, na chaji zake hujipanga kiasi kwamba ndani ya mwili uga huo karibu wote unafutika. Wingu la mvua ya radi likiwa juu, uga ule ardhini hupanda ukaweza kufika volti 10,000 kwa mita au zaidi. Hewa kavu ya kawaida huvunjika na kuanza kupitisha umeme uga ukikaribia volti milioni 3 kwa mita, yaani volti 3,000 kwa kila milimita.

Ziwa Victoria na milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Ziwani huzidi usiku, kwa sababu maji hubaki na joto wakati nchi kavu imepoa, upepo ukatoka pande zote za pwani kuja kukutana katikati na kuisukuma hewa yenye unyevu juu. Mvuvi ndani ya mtumbwi yuko mahali pabaya mno: juu ya maji yaliyo tambarare, yeye na mlingoti wake ndio kitu kirefu kuliko vyote, na uga wa umeme hukusanyika kwenye ncha za vitu vilivyochomoza. Anayeweza kuwa nchi kavu kabla wingu halijafika, awe nchi kavu. Gari la bati lililofungwa madirisha ni kinga nzuri, na sababu yake si matairi ya mpira. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichozungushiwa metali, akaingia ndani na vipimo vyake huku kwa nje kikitiwa chaji mpaka cheche zikaruka, na ndani vipimo havikuonyesha kitu. Chaji hukaa juu ya ngozi ya metali na kujipanga mpaka uga wa ndani ufutike.

Mleta mada:

Sasa tuingie kwenye sumaku. Dira ilikuwa ikiongoza mabaharia kwa karne nyingi, na mwaka 1600 William Gilbert wa Uingereza alieleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba sumaku na umeme vina undugu mpaka mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alipoonyesha huko Copenhagen kwamba waya unaopitisha mkondo huigeuza sindano ya dira.

Jaribio hilo anaweza kulifanya yeyote mwenye dira, betri moja na kipande cha waya. Laza dira mezani, subiri sindano itulie. Nyoosha waya juu yake, sentimita 2 hivi, ukielekea kaskazini na kusini kama sindano yenyewe. Gusisha ncha za waya kwenye betri kwa sekunde moja tu, kisha achia, maana waya utapata moto na betri itaharibika. Sindano itaruka upande. Mkondo ukiwa unaelekea kaskazini juu ya sindano, ncha ya kaskazini ya sindano itageukia magharibi. Geuza betri, itageukia mashariki. Pitisha waya chini ya dira badala ya juu, pande zitabadilika tena.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu hapa ndipo fizikia ilipopata mshtuko. Kani zote zilizojulikana kabla ya hapo, uvutano wa Newton na kani ya Coulomb, zilikwenda kwenye mstari ulionyooka kati ya kitu na kitu: kuvuta au kusukuma. Sindano ya Ørsted haikuvutwa na waya wala haikusukumwa nao. Ilijaribu kusimama kukatiza waya. Ukiizungusha dira polepole kuuzunguka waya uliosimama wima, utaona sindano inafuata mduara, daima ikiwa pembeni kwa waya. Huwezi kulieleza jambo hilo kwa kusema waya unavuta ncha. Unalazimika kusema kwamba nafasi inayouzunguka waya imepangika kwa miduara. Mishale ya uga wa sumaku haina pa kuanzia wala pa kuishia, inajizungukia yenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo hoja ya kwanza nzito kwamba tunapaswa kuzungumzia mahali, maana kwenye waya peke yake mduara huo haupo.

Tuweke namba. Uga wa waya mrefu hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa 2 na kugawanya kwa umbali uliopimwa kwa mita, kisha kugawanya kwa milioni 10; jibu ni kwa tesla, kipimo cha uga wa sumaku, na mikrotesla ni sehemu moja ya milioni ya tesla. Ampia 1.5 kwa umbali wa sentimita 2 hutoa mikrotesla 15. Uga wa dunia katika sehemu zetu ni mdogo kuliko wa Ulaya: Nairobi na Dar es Salaam ni takriban mikrotesla 33, na sehemu yake iliyolala mlalo, ile inayoelekeza sindano, ni kati ya 25 na 30. Kwa hiyo waya wako unashindana na dunia nzima kwa kiasi cha nusu kwa moja, na sindano itageuka karibu digrii 30. Pima, ulinganishe.

Baharia wa Mombasa:

Mwalimu, umenikumbusha jambo. Nililetewa dira nzuri kutoka Ulaya na sindano yake inainama upande mmoja mpaka inakwaruza kioo. Niliambiwa ni mbovu.

Mleta mada:

Haina ubovu, ndugu baharia. Imetengenezwa kwa ajili ya kwao. Uga wa dunia haulali mlalo isipokuwa kwenye ikweta ya sumaku, ambayo Afrika Mashariki hupita kaskazini mwetu, karibu na Addis Ababa. Kaskazini ya mstari huo mishale ya uga inazama ardhini. London inazama kwa zaidi ya digrii 60, na ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini. Mtengenezaji wa huko huongeza uzito kidogo upande wa kusini wa sindano ili isawazike. Sisi tuko kusini ya mstari, mishale inatoka ardhini ikielekea juu na kaskazini, kwa hiyo kwetu ni ncha ya kusini inayozama. Ukijumlisha uzito uliowekwa na mtengenezaji, sindano inazama mara mbili. Tafuta dira iliyosawazishwa kwa ukanda wetu, au ile iliyotengenezwa kutumika popote.

Fundi umeme, Morogoro:

Mkuu, nakufuatilia neno kwa neno. Klampu mita yangu, ile yenye taya, nikikumbatia waya wa laivu peke yake inasoma ampia vizuri. Nikikumbatia kebo nzima yenye laivu na nyutro pamoja inasoma sifuri, na mzigo unafanya kazi. Kwa nini?

Mleta mada:

Fundi, umeshika sheria ya André-Marie Ampère mkononi. Taya za mita yako hazigusi shaba. Zinapima uga wa sumaku unaouzunguka waya. Sheria inasema kwamba ukijumlisha uga huo kwa kuufuata mzunguko mzima wa taya, unapata kitu kinacholingana na jumla ya mkondo unaopita ndani ya mzunguko. Laivu inapeleka ampia 5, nyutro inarudisha ampia 5 upande wa pili, jumla ni sifuri. Miduara ya waya mmoja inazunguka kulia, ya mwingine kushoto, zinafutana. Na kama ungekumbatia kebo nzima ukasoma kitu ambacho si sifuri, basi kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, pengine ardhini. Swichi za kinga dhidi ya kuvuja kwa umeme hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Mleta mada:

Turudi kwa Faraday, maana ndiye aliyeuona uga kabla ya wote. Alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hesabu za juu hakuwa nazo. Wenzake waliokuwa na hesabu waliandika kanuni za kani zinazoruka umbali. Yeye alinyunyiza chenga za chuma juu ya karatasi iliyolazwa juu ya sumaku, akaitazama mistari iliyojitokeza, na akashikilia kwamba mistari ile inaonyesha kitu kilichopo kweli katika nafasi. Naomba niweke tahadhari moja: kati ya mstari na mstari uga haupungui kuwa sifuri. Chenga hujipanga kwenye mistari kwa sababu kila chenga hugeuka sumaku ndogo na kushikana na mwenzake. Uga wenyewe umejaa kila mahali.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia koili mbili, yaani nyaya zilizosokotwa mizunguko mingi, zisizogusana. Ya kwanza aliiunganisha na betri, ya pili na waya uliopita juu ya sindano ya sumaku. Alipounga betri sindano ilitikisika, kisha ikarudi ikatulia, ingawa mkondo uliendelea kupita. Alipotenganisha betri ikatikisika tena, safari hii kwa upande wa pili. Uga wa sumaku uliotulia hauzai kitu. Unaobadilika ndio unaozaa uga wa umeme, na uga huo ndio unaosukuma elektroni za koili ya pili. Transfoma iliyoko kwenye nguzo mtaani kwenu ni ndugu wa pete ile.

Sasa nendeni Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Pale kuna mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Ndani ya kila mashine, sehemu inayozungushwa na maji imebeba sumaku za umeme, na sehemu iliyosimama imebeba koili. Kati yake kuna pengo la hewa. Megawati zote 235 zinavuka pengo hilo bila kitu kugusa kitu. Kama uga ungekuwa hesabu tu, mtu atuambie nishati hiyo inapovuka iko wapi.

Inahesabika kabisa. Kila mita ya ujazo yenye uga wa sumaku wa tesla 1, ambao ni wa kawaida ndani ya mashine kama hizo, ina nishati ya takriban juli 400,000. Uga wa umeme wenye nguvu kuliko wote unaovumilika na hewa, ule wa volti milioni 3 kwa mita, una juli 40 tu kwa mita ya ujazo. Tofauti ni mara 10,000. Hapo ndipo mtakapopata sababu kwa nini karibu mota zote kubwa, jenereta zote za mabwawa na treni za umeme zinategemea sumaku, ingawa kani ya umeme kati ya chaji na chaji ni kubwa kupita kiasi: hewa hupasuka kabla uga wa umeme haujakusanya nishati ya maana.

Fundi umeme, Morogoro:

Hapo kwenye nishati kuvuka pengo umenigusa. Basi elektroni zinazowasha taa ya nyumbani kwangu hazitoki bwawani?

Mleta mada:

Hazitoki, fundi. Katika waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, mkondo wa ampia 1 husogeza elektroni kwa kasi ya takriban sentimita 26 kwa saa. Tena umeme wetu hubadilika mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo zinatetemeka tu mbele na nyuma kwa umbali usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Elektroni za waya wa taa yako zilikuwa humo tangu waya ulipotengenezwa. Kinachofika upesi ukiwasha swichi ni uga. Mwaka 1884 John Henry Poynting alionyesha kwa hesabu kwamba nishati hupita mahali ambapo uga wa umeme na uga wa sumaku vipo pamoja, na kwa nyaya zako hiyo ni nafasi inayozizunguka kwa nje. Shaba huuongoza uga njia. Mzigo wenyewe uko pembeni ya shaba. Najua linakera kulisikia kwa mara ya kwanza, lakini ndivyo lilivyo.

Mleta mada:

James Clerk Maxwell, Mskoti, alizaliwa mwaka uleule wa 1831. Aliyachukua mawazo ya Faraday akayaandikia hesabu, na katika kufanya hivyo akaona kwamba lazima kuwe na upande wa pili: kama uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, basi uga wa umeme unaobadilika nao huzaa uga wa sumaku, hata mahali pasipo na waya wala chaji. Vikizaana hivyo, mmoja akimzaa mwenzake kila dakika ya safari, lazima visafiri. Maxwell alikokotoa kasi ya safari hiyo kwa kutumia vipimo vya maabara vya umeme na sumaku peke yake, akapata takriban kilomita 310,000 kwa sekunde. Hippolyte Fizeau alikuwa amepima kasi ya nuru mwaka 1849 na kupata takriban 315,000. Maxwell akatambua kwamba nuru yenyewe ni uga wa umeme na uga wa sumaku ulio safarini. Leo tunajua kasi hiyo ni kilomita 299,792 kwa sekunde. Heinrich Hertz alizalisha mawimbi hayo kwa cheche na kuyapokea upande wa pili wa chumba kati ya mwaka 1887 na 1888, na redio zote zilifuata hapo.

Niliahidi kuonyesha kwamba uga huendelea hata chanzo kikitoweka. Februari 1987 nyota ilionekana ikilipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 168,000. Nyota ile ilikuwa imekwisha kusambaratika zaidi ya miaka 160,000 kabla ya mtu yeyote kuiona. Kwa muda wote huo nishati yake haikuwa kwenye nyota, kwa kuwa nyota haikuwapo, na haikuwa kwenye macho yetu. Ilikuwa katika uga.

Mwalimu wa fizikia, Kigoma:

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Lakini ninafundisha, na wanafunzi huniuliza: je, hivi ni vitu viwili au kimoja? Umeviandika kana kwamba ni viwili vinavyozaana.

Mleta mada:

Mwalimu mwenzangu, ahsante kwa kunibana hapo. Ni kimoja. Albert Einstein alianza makala yake ya mwaka 1905 kwa jambo hilihili: ukiisogeza sumaku kuelekea koili, au ukiisogeza koili kuelekea sumaku, mkondo unaopatikana ni uleule mradi kasi ya kukaribiana ni ileile. Hata hivyo maelezo ya wakati huo yalikuwa mawili tofauti: sumaku ikisogea husemwa kuna uga wa umeme uliozaliwa, koili ikisogea husemwa ni kani ya sumaku juu ya elektroni zilizo kwenye mwendo. Einstein aliona haiwezekani maumbile yawe na sababu mbili kwa tukio moja. Mwambie mwanafunzi afikirie chaji iliyobebwa ndani ya treni. Abiria aliyeketi kando yake anapima uga wa umeme tu. Mtu aliyesimama stesheni, treni ikimpita, anapima uga wa umeme na wa sumaku pia, kwa kuwa kwake chaji hiyo ni mkondo. Wote wawili wamepima sawasawa. Kiasi gani cha uga huo mmoja kinaonekana kama umeme na kiasi gani kama sumaku hutegemea mwendo wa anayepima.

Mwanafunzi wa kidato cha tano:

Mwalimu, la mwisho. Kama sumaku ni chaji zilizo kwenye mwendo, ile sumaku ya kawaida isiyo na betri mkondo wake uko wapi? Na kwa nini nikiivunja sipati ncha ya kaskazini peke yake?

Mleta mada:

Uko ndani ya atomi. Kila elektroni ni sumaku ndogo kwa asili yake, kana kwamba inajizungusha, na katika vitu vingi sumaku hizo zinaelekea kila upande zikafutana. Katika chuma, atomi jirani hulazimishana kuelekea upande mmoja, makundi kwa makundi, na ukiyapanga makundi hayo unapata sumaku ya kudumu. Ukikipasha chuma joto mpaka kupita takriban nyuzi 770 za selsiasi, mtetemo wa atomi huuvunja mpangilio huo na sumaku inakufa.

Ukiivunja sumaku, umezitenganisha atomi, na kila atomi bado ni sumaku kamili yenye ncha zote mbili, kwa kuwa uga wake ni mduara kama ule wa waya wa Ørsted. Mduara hauna ncha ya kukatwa. Hadi leo hakuna jaribio lililothibitisha chembe yenye ncha moja tu ya sumaku, ingawa inatafutwa kwa bidii. Sababu ya kuitafuta ilitolewa na Paul Dirac mwaka 1931: alionyesha kwamba kama ipo hata moja tu katika ulimwengu wote, basi tutakuwa tumepata sababu kwa nini chaji ya umeme huja kwa vipande vilivyolingana, vya elektroni moja, mbili, tatu, na kamwe si moja na nusu.